Ukurasa wa Thelathini na Nne

Kila ninapopita mahali wanapokamua alizeti, hufungua dirisha la gari hata kama nje kuna vumbi. Harufu ya mashudu ya moto, ile harufu nzito inayokaa kooni kama uji ulioungua kidogo, hunirudisha moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma cha shule yetu ya sekondari kule Mpwapwa. Ukuta wa chumba kile ulipakana na mashine ya kukamulia. Mchana kutwa mashine ilinguruma, vumbi la chaki likadondoka lenyewe kutoka ubaoni, na sisi watoto wanane tukaketi humo Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, tukijifunza Kifaransa.

Msiniulize Kifaransa cha nini. Wazazi wetu nao waliuliza hivyo hivyo. Wengi wetu Kiswahili chenyewe tulikikuta shuleni, nyumbani tumeacha Kigogo. Kiingereza kilikuwa bado kinatutoa jasho. Halafu akaja Madamu Josefina kutoka Kigoma, binti mwembamba aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kazi. Aliletwa kufundisha jiografia. Kifaransa alikiongeza mwenyewe, kwa mapenzi tu. Tulianza ishirini na wawili. Wiki ya tatu, tulipofika kwenye sauti za puani, wengi wakakimbia. Kijana mmoja alisema hii ni lugha ya watu wenye mafua, akafunga daftari akaenda zake kucheza mpira.

Tuliobaki tulikuwa na vitabu vinne, vimechakaa, majalada yameshikiliwa na gundi. Kila kitabu watu wawili. Mimi nilikaa na Nyemo.

Nyemo alikuwa mtoto wa wafugaji wa kijiji cha mbali, akiishi kwa shangazi yake karibu na stendi ili asome. Mrefu, mpole, sketi yake ya shule fupi kuliko inavyotakiwa kwa sababu aliipita kwa urefu ndani ya mwaka mmoja. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote, na machozi hayakumkauka. Lakini kwetu macho mekundu ni kama vumbi la njiani. Nani alikuwa anayahesabu?

"Nisomee wewe, Editha," aliniambia tangu siku ya kwanza. "Leo nina uvivu."

Uvivu wake haukuisha. Mimi nilisoma kwa sauti ya chini, kidole changu kikifuata mstari, naye akalaza shavu juu ya dawati na kufumba macho. Nikisoma mara mbili, alikuwa ameushika kichwani. Akiitwa mbele alisimama na kitabu mkononi, na maneno yaliyotoka kinywani mwangu yamevunjikavunjika, kwake yalitoka yamenyooka, mepesi, kama ya redioni. Madamu Josefina aliacha kila alichokuwa akifanya na kumsikiliza.

"Huyu ana sikio," alisema.

Na mimi niliyekuwa nimemsomea nikabaki nimekaa, sina sikio.

Inafaa mjue kwamba katika masomo mengine Nyemo alikuwa wa mwishomwisho. Mwalimu wa hesabu alimwita mzito. Katika chumba kile cha nyuma peke yake, ambako mashine ilitulazimisha wote kutega masikio, ndimo alimokuwa wa kwanza. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne na nilikuwa wa kwanza, au wa pili, karibu kila mahali. Hilo la Kifaransa liliniuma.

Siku moja nikimsomea niliruka mstari bila kujua. Nyemo alipoitwa mbele, naye akaruka mstari ule ule. Kitabu kilikuwa wazi mikononi mwake. Baada ya kipindi nilimfuata nyuma ya vyoo, nikamkuta ameinamisha kichwa, ana kibanio kidogo cha chuma, anang'oa kope zake moja moja kwa kupapasa.

"Nyemo, huoni?"

Hakushtuka. Alimaliza kope aliyokuwa ameishika, ndipo akanijibu.

"Naona. Naona kama kuna ukungu. Wewe nakuona ukikaribia."

"Tangu lini?"

"Darasa la sita. Mama naye yuko hivi hivi. Kope zinageukia ndani, zinachoma. Ukizing'oa unapata nafuu, halafu zinaota tena." Akanishika mkono. "Usimwambie mtu, Editha. Baba alisema tangu mwanzo, nikishindwa shule narudi nyumbani na huko ni kuolewa. Niapie."

Nikaapa. Tangu siku ile nilimsomea kwa uangalifu zaidi, na nikiri kwamba nilijisikia mtu mkubwa, mwenye siri ya mtu mkononi. Nilimsomea hata jiografia. Nilimwongoza ngazini bila watu kutambua. Tulikaa hivyo karibu miezi mitano.

Kisha Madamu akaja na habari kwamba shule kadhaa zitakutana Dodoma mjini, na kila shule itapeleka mwanafunzi mmoja kusoma Kifaransa mbele ya wageni. Atalala huko siku mbili. Jioni hiyo niliwaambia wa nyumbani kabla sijavua viatu. Baba, aliyekuwa akifanya kazi ya mifugo na hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema, "Nitaomba ruhusa kazini nije nikusikilize." Hakuna aliyekuwa amenichagua bado. Sikumsahihisha.

Madamu alituteua wawili, mimi na Nyemo. "Someni ukurasa wa thelathini na nne," alisema. "Kesho, ingawa si siku ya kipindi, mtasoma mbele ya wenzenu, nami nitaamua."

Alasiri ile tuliketi kwenye ngazi za darasa. Upepo wa Mpwapwa ulikuwa ukipeperusha kurasa, nikazizuia kwa kiganja. Nilifungua thelathini na nne. Ilikuwa habari ya mwanamke anayenunua samaki sokoni. Nikaitazama kwa muda, halafu vidole vyangu vikafunua mbele, thelathini na sita, habari ya watoto wanaosubiri treni. Sikujiambia ninafanya nini. Nilianza kusoma tu, taratibu, tena vizuri kuliko nilivyowahi kusoma maishani. Nyemo akafumba macho. Akaurudia ukurasa mzima mara tatu, mpaka kivuli cha jengo kikatufikia miguuni.

"Asante," alisema. "Kesho yeyote atakayekwenda, ni sisi wawili tumekwenda."

Nilimwitikia. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Siku ya pili nilisoma mimi kwanza, kisha akaitwa Nyemo. Alisimama, akafungua kitabu, akaanza. Watoto wake wakasubiri treni. Madamu akainua kichwa.

"Nyemo. Ukurasa wa thelathini na nne."

Nyemo akafunua karatasi moja, akafunua nyingine, akakisogeza kitabu usoni mpaka kikagusa pua. Hapo ndipo mtu wa kwanza alipocheka. Akaanza tena, pale pale, kwenye treni, kwa sauti nzuri ile ile, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kusema. Darasa zima likaangua kicheko. Madamu alinyamazisha watu, akachukua chaki, akaandika neno moja ubaoni, herufi kubwa kama sahani.

"Nisomee hili, mwanangu."

Mashine ya alizeti ilinguruma upande wa pili. Nyemo alitazama mahali ubao ulipokuwa.

"Sikujiandaa vizuri, Madamu. Nisamehe."

Hakugeuza uso kunitazama. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kusema akinitaja, kwamba nilikosea, kwamba kurasa zilipeperushwa na upepo. Maneno hayo sikuyahitaji.

Madamu hakumwadhibu. Alimpeleka kwa shangazi yake siku ile ile, kesho yake wakaenda hospitali. Jumatatu baba yake alifika shuleni, mzee mrefu aliyejifunga shuka, akamwamkia kila mtu, hata sisi watoto: "Mbukwenyi." Alibeba sanduku la chuma la binti yake begani, Nyemo akamshika upindo wa shuka akimfuata nyuma. Nilitazama kupitia dirishani. Nyumbani, mama aliposikia habari ile, alitikisa kichwa akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikainamia sahani yangu ya ugali.

Dodoma nilikwenda. Baba alikaa mstari wa mbele na shati lake la kanisani. Nilisoma ukurasa wangu, ukatoka mkavu kama ubao, wageni wakapiga makofi ya adabu. Shule yetu haikutajwa. Baba alininunulia zabibu stendi na kuniambia nimejitahidi, nikalia kwenye basi mpaka akadhani ni kwa sababu ya kushindwa.

Tuliporudi nilimuuliza Madamu hali ya Nyemo. Aliniambia ni ugonjwa wa vikope, kwamba kope zimekwaruza kioo cha jicho kwa muda mrefu mno. Watamfanyia upasuaji mdogo wa kugeuza kope, lakini kilichokwisha kuharibika kimeharibika. "Daktari anasema tungemwahi hata miezi michache nyuma, jicho la kulia tungeliokoa," alisema. "Ningejua tu. Hivi kweli hakuna mwenzake yeyote aliyejua?"

Nilimjibu kwamba sifahamu. Madamu akainama akaendelea kusahihisha madaftari.

Miaka mingi imepita. Mwaka juzi nilikodi bodaboda nikaenda kijijini kwao kwa makusudi. Nilimkuta mlangoni kwa mama yake, anachambua mlenda kwa vidole, haraka haraka, bila kutazama. Nilipotoa salamu tu, mikono ikasimama.

"Editha?"

Jicho la kulia lilikuwa jeupe. La kushoto, aliniambia, linatambua mchana na usiku na watu wakisogea. Ameolewa, ana watoto watatu. Wakubwa wawili walikuwa shuleni. Tulizungumza habari za mvua na za mama yake, mpaka sikuweza tena.

"Nyemo, siku ile nilikusomea ukurasa mwingine."

"Najua," alisema. "Nilijua pale Madamu alipotaja namba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema unanisomea, wangejua sioni." Alirudia kuchambua. "Halafu nilidhani ni hasira tu, zitakuisha. Nilidhani Alhamisi utanisomea tena."

Kuku alipita kati yetu, akamfukuza kwa sauti.

"Na Kifaransa chako," aliuliza, "umekifikisha wapi?"

Nikamwambia kweli. Nilikiacha kidato cha nne. Nimekisahau chote, hata kuhesabu mpaka ishirini siwezi.

"Chote?" Akacheka, kicheko cha kweli, akanipiga gotini kwa kiganja chenye majimaji ya mlenda. "Basi si bora ningekwenda mimi!"

Alikuwa akitania. Nilijaribu kucheka naye.

Kwa miaka mingi nilijua kosa langu lilikuwa la alasiri moja, la kurasa mbili tu. Nilijilaumu kwa hilo, na kwa namna fulani nilizoea. Niliporudi siku ile nyuma ya bodaboda, vumbi likinijaa mdomoni, ndipo nilipoielewa hesabu nyingine. Siri yake niliitunza miezi mitano kwa sababu ilinifanya mtu mkubwa, nikaja kuitoa siku iliponifaa kuitoa, na kwa njia ya kumwaibisha. Katika miezi hiyo mitano nilimsomea karibu kila siku, nikimtazama akifuta machozi kwa kola ya shati, na hospitali ilikuwa pale pale mjini, nusu saa kwa miguu kutoka kwenye dawati letu.