Siku Mti wa Sebuleni Uliponuka Kasiksi

Bora niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana pale mtaani kwetu Mabanga kila mtu ana namna yake ya kuisimulia na katika namna zote mimi ndiye mpumbavu: siku ile nilisimama mbele ya majirani zangu wote, nimevaa koti la harusi yangu, mke wangu ananinusa kinywa kama mtu anayechunguza maziwa kama yameharibika. Na chanzo chake ni mti. Mti wa pambo, wa ndani ya nyumba, ambao haujawahi kumkosea mtu.

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi nilikuwa mteja mwaminifu wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi (mwaminifu kuliko wateja wangu mwenyewe). Nilipoacha, niliapa mbele ya shirika, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Siku hiyo hiyo mke wangu, Mama Denise, aliliondoa bidoni langu la manjano, lile dumu la pombe, kwenye kona ya sebule, na mahali pake akaweka mti wa mwavuli, ule ambao majani yake yametandazwa kama vidole vya mkono.

"Hapa njo palikaaka bidon yako," akasema. "Sasa tutaona nani atasimama vizuri, weye ao huu muti."

Miezi tisa tukasimama wote wawili. Jioni nikirudi kazini alikuwa bado ananinusa mlangoni (alijifanya ananisalimia, lakini nani anasalimia kwa pua?), na kila siku alinikuta safi. Hadi tukaombwa tuwe parrain na marraine, yaani wasimamizi, wa ndoa ya kijana wa Mama Kavira. Kwetu hilo si jambo la kukaa kwenye picha tu, ninyi ndio mnaowaonyesha maharusi nyumba inavyokaliwa, na wakigombana wanakimbilia kwenu. Mama Kavira hakuwa na neno juu ya mke wangu. Ni mimi aliyenitilia shaka. Ikapangwa kwamba Jumapili baada ya misa shirika lisali kwetu, na yeye awepo, aone kwa macho yake.

Jumatano nikatazama ile kona, mti umeinama! Majani yananing'inia, mengine yamekuwa ya njano, mizizi imetokeza chini ya chungu ikitafuta pa kwenda. Mke wangu alikuwa mjini Sake kwa dada yake aliyejifungua, angerudi Jumapili moja kwa moja kanisani. Nikasema moyoni, akikuta mti umekufa, na mimi nimekufa.

Sasa Goma udongo si kitu cha kuchota tu. Ukichimba uani unakutana na jiwe la volkano, hata lengalenga, mboga zetu za majani, tunazipanda kwenye udongo ulioletwa kwa magunia. Nikaenda kwa muzee mmoja wa Rutshuru anayeuza miche kando ya barabara, akaniandikia dawa kama daktari: udongo mweusi wa Kalengera, changarawe ya volkano ili maji yapite, samadi kidogo ya zamani isiyonuka tena, na chungu kikubwa chenye matundu chini.

"Kisha uiache," akasema. "Muti nayo inazoeaka nyumba mupya pole pole. Ngoja juma mbili, tatu, utaona jani."

Majuma mawili! Mimi nilikuwa na siku nne. Nikachukua udongo wake, changarawe na samadi nikaviacha (mawe tena? si ndiyo yamejaa kwangu?), na njiani nikaikumbuka migomba ya Mama Zawadi, mtengenezaji wa kasiksi wa mtaa wetu, iliyonenepa kuliko migomba yote kwa sababu anaimwagia machicha, yale makapi ya ndizi na mtama yanayobaki akishakamua pombe. Nikawaza, kama migomba inanenepa hivyo, mti wangu je? Ndiyo uamuzi wenyewe. Ulinichukua muda wa kuvuka barabara.

Nikaingia kwa Mama Zawadi kwa mlango wa nyuma (mlango niliokuwa naufahamu kuliko wa kwangu). Akapiga kelele ya furaha: "Papa Denise! Umeturudilia!" Nilipomwambia nataka machicha tu, tena ya maua, alicheka hadi akakaa chini. Akanijazia ndoo, na mimi kwa aibu nikaifunika kwa koti, nikapita vichochoroni kama mwizi wa kuku. Nyumbani nikachanganya udongo na machicha nusu kwa nusu, nikauhamishia mti kwenye ndoo kubwa ya rangi, sikuitoboa ili maji yasichafue zulia, nikamwagilia hadi roho yangu ikatulia, nikafunga madirisha yote usipate baridi. Wiki ile nilikuwa na mafua makali. Hayo mafua myakumbuke.

Jumapili, Muzee Kambale, mkuu wa shirika, aliingia wa kwanza, akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akanitazama. Wengine nao wakaingia, kila mmoja akavuta pumzi na kunitazama, mimi nikadhani sebule imewapendeza. Mama Kavira akakaa karibu na mti, akatoa leso akajiziba pua. Nikamwambia, "Pole, mama, hata mimi niko na grippe." Mke wangu akaingia wa mwisho, begi lake la safari mkononi, na uso wake ukabadilika. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu uso ule niliujua vizuri, na nilikuwa sijauona kwa miezi tisa.

Tukaanza rozari. Katikati ya sala, kwenye ndoo kukasikika: blup. Blup tena. Muzee Kambale akafunga kitabu chake.

"Papa Denise, humu munanuka kasiksi."

"Hapana, muzee, si miye..."

"Tena nilikuona siku ya tatu, Jumatano ile. Ulitokea nyuma kwa Mama Zawadi na kitu chini ya koti. Nilinyamaza, nikasema pengine ni macho yangu njo imezeeka."

Mama Kavira alichukua mkoba wake na kuuweka magotini, tayari kuondoka. Nami nikapaza sauti: "Ni muti njo imekunywa! Si miye!"

Jamani, kuna maneno ambayo ni mlevi peke yake huyasema, na hayo yamo. Hakuna aliyecheka.

Mke wangu akaweka begi chini, akaja akasimama mbele yangu.

"Pumua."

"Hapa? Mbele ya batu?"

"Pumua, Papa Denise."

Nikapumua. Akanusa mara moja, akanusa tena. Nilijua sijaonja hata tone, lakini niliogopa, maana miezi yangu tisa haikuwa na shahidi mwingine ila pua ile. Kisha akageuka, akapiga magoti na kitenge chake cha misa mbele ya mti, akaingiza vidole kwenye udongo, akavitoa haraka.

"Iko moto! Udongo iko moto sawa uji!"

Akavinusa vidole. Akainama, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Kinywa yake iko safi," akawaambia watu. "Anasema kweli. Ni muti njo imelewa."

Nyumba nzima ikalipuka. Wanaume wanne tukaibeba ile ndoo kuitoa nje, povu likamwagika lote kwenye koti langu la harusi, na nikatembea nalo hivyo hivyo hadi wageni walipoondoka. Mama Kavira hakucheka kwanza. Aliniita pembeni.

"Uliingia kwa Mama Zawadi, ukatoka bila kuonja?"

"Sikuonja, mama."

"Hata kidole?"

"Hata kidole."

"Basi," akasema, "utafundisha mutoto wangu."

Mti ulipoteza nusu ya majani yake. Nilirudi kwa yule muzee wa miche nikiwa mdogo kama sisimizi, nikafanya yote aliyosema, hadi changarawe, na naapa sitaulisha tena mti kitu kinachochemka. Mwezi wa pili baada ya hapo ukatoa jani jipya. Na jioni nikirudi kazini, Mama Denise hanisogelei tena kwa pua pale mlangoni. Anaenda kwenye kona, anainamia chungu, ananusa, halafu ananiambia niingie.