Shuka Nyeupe Juu ya Machela

Wajukuu wangu hupenda kusema kwamba zamani watu walipendana. Mimi huwaambia wasitusingizie. Tuligombania mipaka ya mashamba, tulisengenyana mtoni, na yuko wifi yangu mmoja ambaye sikumsalimia misimu mitatu kwa sababu ya mkungu wa ndizi. Lakini mgonjwa alibebwa. Hilo halikuwa na mjadala. Hata kama tulikuwa hatusemezani, siku ukipita kwangu umelala kwenye machela, bega langu lilikuwa lako mpaka kwenye mpaka wa kijiji chetu, na hapo wa kijiji kinachofuata walikupokea. Naandika habari za siku niliyobebwa mimi. Majina nayaacha, maana watoto wa watu wale wangali hai na baadhi yao tunauziana mboga.

Tulikaa juu huko Mgeta, mahali ambapo mtu akiponyokwa na boga shambani humbidi alifuate mtoni. Reli ya Mdachi ilikuwa imekwisha kufika Morogoro na inaendelea kwenda bara. Mume wangu alichukuliwa kwenda kuichimbia njia upande wa Kilosa, nami nikabaki kwa mjomba wangu na mimba yangu ya kwanza. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mama yangu alikwisha kufa na dada sikuwa naye, kwa hiyo mjomba aliingoja mimba ile kuliko hata mwenye mimba. Kila asubuhi alikuja mlangoni kuuliza kama nimekula, na mimi kila asubuhi niliudhika.

Uchungu ulinishika siku moja jioni, ukanishinda siku mbili nzima. Mkunga wetu alikuwa hodari na hakuwa mtu wa kujisifu. Siku ya tatu, kabla jua halijatoka, alinawa mikono, akatoka nje, akamwambia mjomba, "Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Mtoto yu hai, lakini amekaa vibaya. Mpelekeni chini kwa masista."

Misheni karibu na mji palikuwa na sista mmoja mzungu aliyejua kuzalisha, na sifa zake zilikuwa zimepanda mpaka kwetu. Kutoka kwetu mpaka kwake ni mwendo wa siku nzima, kupanda na kushuka. Mjomba akakata mti mrefu, wakafunga blanketi ncha zote mbili, wakanilaza ndani. Wanaume wa kijijini walikuwa wachache, wengine wako relini, wengine kwenye pamba ya serikali. Waliokuwapo walikuja wote, na ndugu wa yule wifi yangu wa mkungu wa ndizi alikuwa wa kwanza kuinama chini ya mti.

Mwanamke mmoja tu alifuatana nasi. Alikuwa jirani yetu, mfinyanzi wa vyungu, mtu mzima wa umri wa mama yangu, na alikuwa mtani wetu. Ukoo wake ndio uliotuzika sisi, nasi tuliwazika wao. Kwa sababu hiyo alikuwa na ruhusa ya kututukana anavyotaka, na aliitumia. Tangu nikiwa mdogo hakuniita kwa jina langu, aliniita "maiti yangu." Nikipita na kuni atasema, "Maiti yangu, mbona unanenepa, unataka wachimba kaburi wavunjike migongo?" Nami nilimjibu matusi ya kiasi hicho hicho, tukacheka. Asubuhi ile aliniinamia akasema, "Mwanangu, jikaze." Nilipomsikia akiniita mwanangu niliogopa kuliko nilivyouogopa uchungu.

Kijiji cha kwanza walitupokea katika ukungu, hatukuonana hata nyuso. Niliwajua kwa mabega tu. Wa mbele alikuwa mrefu na wa nyuma mfupi, damu yote ikaniteremkia miguuni. Kijiji cha pili walitupokea jua likichomoza. Mwanamke mmoja ambaye sikupata kumwona tena alinitilia uji mdomoni kwa kata huku machela ikitembea, naye akikimbia ubavuni na mtoto mgongoni. Hakuna aliyeuliza mimi ni nani wala wa ukoo gani.

Kisha jua likawa kali. Tulikuwa tumetoka kwenye miti na kufuata mgongo wa mlima ulio wazi, nami nililala chali, uso kwa mbingu, macho yananiuma. Mjomba alikuwa na shuka moja nyeupe aliyoihifadhi kwa siku kubwa. Aliivua mabegani mwake, akaitandaza juu ya mti wa machela, ikaning'inia pande zote mbili, nikapata kivuli. Nakumbuka nilivyomshukuru kimoyomoyo. Nilikuwa sijapata kumshukuru mjomba kwa jambo lolote.

Kijiji cha tatu kiko ng'ambo ya bonde, na njia yetu ilionekana kutoka kwao tangu mbali. Mwezi uliotangulia akida alikuwa amepita huko na askari, akachukua wanaume kumi wakabebe mizigo ya boma, na wawili hawakurudi. Akida alipita amebebwa kwenye machela, na juu ya machela yake palitandazwa shuka nyeupe. Hakuna mwingine aliyebebwa namna hiyo milimani kwetu isipokuwa yeye na wazungu wake. Sisi katika msukosuko ule hakuna aliyelifikiri jambo hilo. Tulimtanguliza mtu mmoja akatoe habari kwamba mgonjwa anakuja, na yeye alipowaona wanakimbia akapaza sauti kuwaita. Wakazidi mbio. Anayetangulia machela akipiga kelele ni nani kama si askari?

Tulipofika tulikuta kijiji kitupu. Chungu cha maharage kilikuwa bado kinachemka mekoni. Mbuzi mmoja alikuwa amefungwa, anatutazama. Waliotubeba kutoka kijiji cha pili walikuwa wamekwisha nguvu, mmoja ameteguka goti kwenye mteremko, na mbele yetu palikuwa na mpando mbaya kuliko yote. Tena palikuwa na jambo jingine. Kwa wazee wetu, aliyepitishwa kijijini bila kupokewa ni maiti. Mjomba alisema hatathubutu kunipitisha hivyo. Wakanitua chini ya ukuta wa nyumba moja, wakakaa kungoja, wakaita, wakanyamaza, wakaita tena. Msitu haukujibu.

Mtani wangu alikaa karibu nami, akaweka kiganja tumboni. Mtoto alipiga teke. "Anacheza," akaninong'oneza. Baada ya kitambo alipiga tena, polepole zaidi, na mtani akasema tena kwamba anacheza. Jua lilipita utosini. Nilihisi mtoto akijinyosha mara moja kwa nguvu, namna mtu anavyojinyosha anapoamka usingizini, kisha akatulia. Mtani hakuondoa kiganja. Alikaa nacho hapo muda mrefu, na mimi sikumwuliza.

Ndipo aliposimama, akatazama ile shuka, akaielewa. Akaivuta kutoka kwenye mti, akamtupia mjomba. Akapanda juu ya jiwe lililo mbele ya nyumba, akajifunga kaniki yake vizuri kiunoni, akaanza kutukana kwa Kiluguru, kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani. Ukoo wa watu wale ulikuwa mtani wake pia.

"Nyie wafu! Nimetoka mbali na jembe langu kuja kuwazika, nakuta mmekwisha kujizika wenyewe vichakani! Ni nani kawafundisha uchoyo huo? Nani atanipa jogoo wangu wa matanga? Maharage yenu yanaungua, na mimi nayala yote, na chungu naondoka nacho, maana chungu chenyewe nilikifinyanga mimi na hamkunipa hata asante! Mliona wapi akida akabebwa na tumbo la mimba? Tokeni, wenye miguu ya kuku, mje mchukue mwanamke anayekufa!"

Alitukana mababu zao, pua zao, ndoa zao. Alikuwa akitoa machozi huku anatukana, na sauti haikutetemeka. Halafu ndani ya migomba mtu akacheka, kicheko cha kuguna, cha mtu aliyekuwa ameziba mdomo kwa mkono. Askari wa akida anaweza kuita, anaweza hata kubembeleza, lakini hawezi kumtania mtu babu yake. Wakatoka mmoja mmoja, wana majani vichwani.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sikuwalaumu wakati ule wala siwalaumu leo. Bibi mmoja aliyekuwa kama mkubwa wao aliniona nilivyo, akaweka mikono kichwani, akasema, "Tumefanya nini?" Wanaume wao walikuwa watano tu. Wanawake wakaingia chini ya mti, jambo ambalo sikuwa nimeliona na sikuliona tena baadaye, wakanipandisha mpando ule karibu kwa mbio. Walipofika kwenye mpaka wao, watu wa kijiji cha nne walikuwa tayari wanangoja, lakini hawakunitua. Wakapita. Walinibeba mpaka tambarare, mpaka misheni, wakibadilishana bila kusimama, na waliponiingiza kwa sista jua lilikuwa bado halijazama. Sijui walirudi saa ngapi wala walikula nini.

Sista alifanya kazi yake. Mimi nikapona. Mtoto alikuwa wa kike, na alikuwa amekufa. Yule sista, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, aliniambia akinishika paji la uso, "Leo. Amekufa leo tu." Nadhani alitaka kunifariji kwamba nilimchukua hai mpaka siku ya mwisho. Nilimgeuzia mgongo. Nilijua saa yenyewe kuliko yeye.

Nilikaa huko mwezi mzima. Mjomba alikuja kunichukua, na mtani akaja naye. Kuna desturi kwamba aliyebebwa akapona hurudi kwa njia ile ile, kwa miguu yake, asimame katika kila kijiji, waliombeba wamwone. Nilimwambia mjomba tuzungukie njia nyingine. Alisema, "Watu wamekuwekea mabega, mpwa wangu. Nenda wakuone." Alikuwa amekonda mjomba, na shuka yake nyeupe sikuiona tena mwilini mwake. Sikuuliza aliipeleka wapi.

Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Sitawaficha, nilikuwa na hasira. Nilisema moyoni nitasimama mbele yao niwaambie kila kitu. Niwaambie teke la kwanza, na la pili, na kule kujinyosha. Nilitaka mtu mwingine aubebe mzigo huo pamoja nami. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilichoka kuujua peke yangu.

Tulipofika hakuna aliyekimbia. Walikuwa wamekaa nje wote, wanangoja, hakuna aliyeinuka. Walikwisha kuona tangu mbali kwamba mgongoni mwangu hamna mtoto. Nikamsalimu yule bibi, akaitikia, akanishika mikono yote miwili. Alikuwa mtu mkubwa wa umbo, lakini mikono yake siku ile ilikuwa myepesi kama ya mgonjwa.

"Mwanangu," akasema, "hapa kwetu hatulali. Tunasema sisi tumemuua. Wako waliotaka kuhama. Nakuuliza mbele yao, na unijibu kweli. Tulikuchelewesha?"

Nilitazama nyuso zao. Nilimwona yule mwanamke aliyenibeba nyuma kwa bega la kushoto, bega bado lina kovu la mti. Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwapo, hakuna hata moja lililonipotea.

"Hapana, bibi," nikasema. "Mtoto alikwisha kufa tangu nyumbani, kabla hatujaondoka. Ninyi ndio mlioniponya mimi."

Bibi alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nyuma yake mtu mmoja alianza kulia, kisha wengi, namna watu wanavyolia wanapofunguliwa. Walinipa maziwa, walinipa kuku, wakanisindikiza mpaka kwenye mpaka wao, wanawake wamenishika viuno pande zote mbili. Mjomba naye alifuta macho. Aliamini kwamba mkunga alikosea, na aliamini hivyo mpaka siku tuliyomzika.

Mtani hakusema neno muda wote ule, yeye ambaye mdomo wake haujui likizo. Tulipovuka mpaka na wale waliotusindikiza kurudi, alimwacha mjomba atangulie. Akatazama nyuma mpaka alipoona njia ni tupu. Akachukua mkono wangu, akauweka juu ya kile kiganja chake kilichokuwa tumboni mwangu siku ile.

"Sasa lia, maiti yangu," akasema. "Hawasikii."