Moli na Mori

Usiku ule nililala na fomu ya mtihani chini ya mto na hasira kifuani. Jioni yake mratibu wa kituo chetu cha masomo ya watu wazima alikuwa ameisukuma fomu ile mbele yangu, darasa zima likisikia.

"Dada Neema, kemia umeshafeli mara mbili. Ipige mstari, chukua historia, upumzike. Kesho asubuhi uniletee."

Mimi nadeki duka la dawa, na nataka siku moja nisimame upande wa pili wa kaunta. Bila kemia chuo cha famasia hakinipokei. Hilo analijua vizuri sana.

Usingizi ukanichukua, mara nikajikuta kidato cha pili, katika maabara yetu ya zamani yenye stuli za kuyumba. Mwalimu Mbelwa yuko mbele, anafuta miwani kwa pindo la shati. Nilikuwepo alipozikwa, udongo niliutupa kwa mkono wangu, lakini pale wala sikushangaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa ameshika daftari langu la kemia.

Ukurasa alioufungua niliujua kabla sijauona. Kwetu L na R ulimi hauzitenganishi. Siku aliyotufundisha kuhesabu kwa moli, kile kipimo cha kemia, mimi niliandika mori, kila mstari, mpaka chini. Wenzangu walicheka wakagonga meza. Yeye peke yake hakucheka.

Sasa anaweka kikombe cha kahawa juu ya mizani.

"Maji," anasema. "Gramu thelathini na sita. Moli ngapi?"

Ni swali lile lile lililoniangusha mara zote mbili. Moli moja ya maji ni gramu kumi na nane, hilo nalijua hata ukiniamsha usingizini. Lakini mkono una haraka zake, unazidisha kama ulivyozoea. Mia sita arobaini na nane. Naiandika tu ubaoni, kikombe kinaanza kufurika. Maji yanateremka mezani, yananifika vifundoni, yanapanda magotini, na maabara si maabara tena, ni ofisi ya mratibu. Amekaa juu ya meza, miguu ameinua isilowe, na kwa kalamu nyekundu anapitisha mstari taratibu juu ya neno Kemia.

Niliona aibu, aibu ya miaka yote. Halafu nikapandwa na mori.

"Acha!" nikamwambia. "Kikombe chenyewe mtoto anakimaliza kwa mafunda mawili. Hizo moli mia sita zitoke wapi?"

Mratibu akabaki na kalamu hewani. Ubao uko palepale nyuma yake. Nafuta jibu langu kwa kiganja, na safari hii sizidishi, nagawa. Thelathini na sita kwa kumi na nane. Mbili. Maji yakashuka, sakafu ikakauka kabisa.

Mwalimu akanirudishia daftari. Kila mori ameisahihisha kwa wino mwekundu kuwa moli, isipokuwa moja, ile ya mstari wa mwisho.

"Hii umeisahau, Mwalimu."

"Sijaisahau," akasema. "Hiyo ni yako, kaa nayo."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka, na fomu imekunjamana chini ya mto. Sikunawa hata uso. Nilichukua kalamu nikalifanya swali lile nyuma ya karatasi ya sukari, nikapata mbili. Nikarudia, mbili. Kisha nikainyoosha fomu juu ya goti, na pale penye Kemia sikupiga mstari wowote.

Aniulize tu, mbele ya watu wale wale, nina nini cha kuniingiza tena kwenye chumba cha mtihani. Nitamjibu nina moli mbili, na mori.