Bidoni ya Kostiki Yenye Ilienda Magara

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Mvua ilinyesha Rumonge mupaka samaki wakaomba kuingia mu nyumba za watu. Ziwa moja lilikuwa chini, ziwa lingine juu, na sisi katikati tunapika sabuni.

Nilikuwa kijana, nguvu ninazo, ningebeba ng'ombe na mwenye ng'ombe amekaa juu yake. Nilifanya kazi kwa Mama Zaina, mupika sabuni ya mawese, hapa karibu na soko. Huyo mama hakuwa mukali, ila akikuangalia tu unakumbuka hata makosa ya baba yako.

Kazi yenyewe unaijua, maana leo ni yako. Mawese, maji, na kostiki, ile dawa kali yenye inakula mafuta mupaka yanakuwa sabuni. Nyama ya mutu inakula vilevile, haichagui. Tuliikoroga na maji, ikachemuka yenyewe bila moto, tukaimimina mu bidoni, yale madumu ya plastiki ya manjano, ipoe mupaka kesho. Bidoni gani? Zilezile za mawese. Hatukuandika kitu. Mimi kusoma sikujua, na leo sijui. Lakini kila mutu alijua: upande wa ziwa iko kostiki, upande wa barabara iko mawese. Hata kuku wa Mama Zaina walijua.

Sasa ile mvua ikapita kwenye paa upande wa ziwa. Tukasogeza kila kitu upande mukavu, ule wa barabara, haraka haraka, tunateleza, tunacheka. Mvua ikakatika. Akaja Bahati, shoferi wa basi ndogo, Mukongomani wa Uvira aliyenishinda maneno, na hilo si jambo dogo. Alikuwa anapeleka mawese Magara kwa Aziza, binti ya Mama Zaina, aliyekaanga samaki kule ufukweni. Bahati akapakia bidoni za upande wa barabara kama siku zote, akaenda na muziki wake.

Kidogo Mama Zaina akaniambia nimimine kostiki mu sufuria. Nikainua bidoni moja ya zilizobaki, nikamimina, ikatoka nyekundu. Mawese. Nikafungua ingine, mawese. Ingine tena, mawese. Mama Zaina akaangalia barabara. Alikaa chini mu matope na kitenge chake kizuri, akasema polepole, "Aziza atalamba."

Maana kwetu, mwanangu, mawese hayapokelewi bila kulambwa. Unatia kidole, unaweka juu ya ulimi, unajua kama ni mapya ao yamechacha. Na ulimi wa Aziza ulisifiwa mupaka Kabezi. Walisema akilamba mawese anakuambia muchikichi ulipandwa na nani.

Simu wakati ule ilikuwa ya wakubwa. Nikachukua baiskeli. Hapo usinibishie: nilipita lori, nikapita upepo, kivuli changu kilifika Magara kesho yake. Lakini ndani ya moyo sikuwa na muchezo. Nilikuwa naomba Mungu kitu kimoja tu, Aziza akawie kidogo kufungua.

Hakukawia. Nilimukuta amepiga magoti mu muchanga, wanawake wanamumiminia maji kwa mabeseni, mudomoni na mukononi. Ile bidoni ilikuwa na mabaki ya mawese, yakaelea juu, na kidole kikatoka chekundu kama siku zote. Alilamba kidogo, akatema. Kidogo tu, mwanangu, na ulimi ulitoka ngozi. Tulimupeleka dispanseri mu basi ya Bahati, muziki umezimwa.

Aziza alipona. Lakini ulimi ule haukurudi kuwa wake. Miaka yote alikaanga samaki, na kila mara alimuita jirani amuonjee chumvi. Alikuwa anatania ati amekodi ulimi. Wateja walicheka. Mama yake hakucheka hata mara moja.

Jioni ile nilijaribu kumutuliza Mama Zaina. Nikamuambia, "Mama, hii si kosa la mutu. Sisi wote tulijua kostiki inakaaka wapi."

"Mulijua," akasema. "Lakini wewe ulibaki Rumonge. Bidoni ndiyo ilienda Magara. Nani alienda nayo kumuambia mutoto wangu?"



Kesho yake alinunua rangi nyekundu, akapaka vyombo vyote vya kostiki, akachora juu yake ulimi wenye kukatwa na musitari, akavifungia mu chumba chavyo peke yavyo. Wapika sabuni wengine wakamucheka, wakamuita mwalimu wa bidoni. Akawaacha wacheke.

Sasa wewe. Juzi umekuja kwangu umekunja uso kama ndagala, vile visamaki vya kuanikwa juani. Ati watu wa serikali wamekuta kostiki unayouza iko mu chupa za maji ya kunywa. Ati hauuzi tena mupaka upate vyombo vya kostiki peke yake, na etiketi, karatasi ya kubandika yenye picha ya mukono unaoliwa na matone. Ati ni gharama, na wateja wako wanajua. Gharama naikubali. Inamuuma mupika sabuni mudogo kuliko mwenye kiwanda kikubwa cha Bujumbura. Basi mukae pamoja ninyi wadogo, mununue vyombo pamoja, mufanyishe etiketi pamoja, muzigo utapungua. Na zile duka zinazokataa sabuni isiyo na maandishi zitakufungulia mulango. Hata zisipofungua, wewe bandika.

Wakubwa walisema, mugeni ni kipofu hata akiwa na macho. Mwenye kununua chupa yako ni mugeni wa chupa hiyo. Ile picha si ya kumufurahisha mutu wa serikali wa kontroli. Ni mudomo wako, unasafiri na chupa mupaka mahali miguu yako haitafika, kwa mama usiyemujua, kwa mutoto mwenye kiu. Usiseme tena "wanajua". Wanaojua ni wale wako karibu nawe, na kostiki haikai karibu nawe.

Nenda, mwanangu. Mungu akuchungie hiyo mikono, sabuni yako itoe povu mupaka watu wa ng'ambo ya Kongo wafikiri ni mawingu. Na kila mutu atakayefungua chombo chako, mbali na macho yako, afunge tena na vidole vyake vyote vizima. Amina.