Sauti Zilizokufa Kila Ijumaa

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na mimba ya miezi mitatu. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa fizikia, nikachora mawimbi huku nikimeza kichefuchefu. Nasema mapema ili mtu asinionee huruma mbele ya safari. Aliyenipa mimba alihamia Mwanza. Baba yangu, pale Makoko, Musoma, akaacha kunisemesha. Alikuja kufungua mdomo binti yangu alipoanza kusimama: mtoto apelekwe Butiama kwa bibi mzaa mama yangu, mimi nibaki nyumbani nitafutiwe mume asiyeuliza maswali.

Nikamwambia nimepata kazi Bunda. Nilikuwa sijapata. Nilienda kuitafuta kesho yake, mtoto mgongoni.

"Haya," baba alisema. "Siku ukifukuzwa hiyo kazi, nakuja kumchukua mjukuu wangu."

Bunda nilichukuliwa na Alhaji mmoja aliyekuwa na duka la redio na kaseti. Ilikuwa mwanzoni mwa enzi za ruksa. Miaka michache nyuma watu walipanga foleni ya sabuni. Sasa kila aliyeweza kufika Sirari mpakani alirudi na kitu. Wenzake walirudi na mitumba. Alhaji alirudi na sinthesaiza, imefungwa kwenye blanketi kama maiti. Bunda nzima tuliiita kinanda. Alitaka kurekodi vikundi vya harusi na kuuza kaseti zao. Mpigaji aliyemleta kutoka Musoma alibonyeza sauti zilizokuja na mashine, akapiga wiki mbili, akaondoka na kusema chombo ni kibovu.

Nilikuwa nanyonyesha nyuma ya kaunta, nasoma kijitabu cha maelezo ya mashine, cha Kiingereza, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kusoma.

"Binti, unaelewa hayo?" Alhaji aliuliza.

"Naelewa."

Nilikuwa naelewa picha mbili tu. Moja ilikuwa wimbi lenye meno kama msumeno, nyingine wimbi la pembe nne kama boksi. Mwalimu wetu alizichoraga ubaoni kwa sababu maabara haikuwa na kifaa hata kimoja, nasi tukazinakili kama tunavyonakili tarehe za wafalme. Nilibonyeza msumeno, nikasikia sauti kali ya kukereketa. Nikabonyeza boksi, ikatoka sauti ya kupwaya, kama mtu anapuliza chupa. Nilishika kaunta. Kumbe yale madude yalikuwa na sauti! Miaka minne nimeyachora, hakuna aliyeniambia yanasikika.

Alhaji hakujali furaha yangu. "Vikundi vinataka litungu," alisema, yaani kile kinubi cha kwetu cha nyuzi na ngozi. "Watu wa huku kaseti bila litungu hawanunui. Wapigaji wenyewe unawajua, ukiwaita Jumamosi wanakuja Jumanne. Kuna mtu wa bendi Mwanza anaitaka hii mashine. Ukiifanya ilie litungu, inabaki na wewe unabaki. Ukishindwa naiuza, na dukani siwahitaji wawili."

Wa pili alikuwa mkwewe, aliyeuza kaseti vizuri kuliko mimi na hakuja na mtoto.

Nilianza. Mashine ile ilikuwa na vitufe vingi na kioo kidogo cha kuonyesha namba. Kila namba ilikuwa na kazi yake: sauti ianze ghafla au ijikokote, ife haraka au ibaki, chujio lipitishe ukali kiasi gani. Niliandika majina yangu mwenyewe kwenye daftari: kugonga, kufa, mkia, chujio. Kufika Alhamisi nilikuwa na sauti inayokaribia. Ijumaa jioni niliwasha, haipo. Zimerudi zile za kiwandani, filimbi na kengele za kijinga.

Nikaanza upya. Ijumaa iliyofuata, tena haipo. Nikajua ni mkwewe. Nani mwingine alitaka niondoke? Nilimfuata kwenye kaunta mbele ya wateja.

"Unafuta kazi yangu!"

"Mimi? Hata kuliwasha sijui hilo jeneza lako."

"Usinichezee!"

"Dada, nenda kanywe maji," alisema, na wateja wakacheka.

Ijumaa ya tatu sikwenda kula. Nilikaa chumba cha nyuma nikijifanya nambadilisha mtoto nepi. Kabla ya swala akaingia Alhaji mwenyewe na kanzu yake safi. Akageuza mashine taratibu, akafungua kifuniko cha chini, akatoa betri sita, akazipangusa moja moja, akaenda kuzipanga juu ya bati kwenye jua, sambamba na betri za redio zote za dukani.

"Alhaji! Unafanya nini?"

"Nazianika. Betri isipoota jua inakufa. Wewe umekulia wapi?"

Nilikulia huku huku, kwetu Makoko tulianika betri mpaka zikavimba. Wakati wa shida kila nyumba ilifanya hivyo, ukitaka kusikia taarifa ya habari. Lakini mashine hii ilitumia umeme wa ukutani. Betri zilikaa humo kwa ajili ya kukumbuka tu. Kijitabu kilisema hivyo kwa herufi ndogo. Ukizitoa inasahau kila ulichokifundisha. Nilimweleza. Nilimweleza kwa sauti ambayo mtu hamwelezi mwajiri.

"Mashine gani inakumbuka kwa betri?" alisema. "Redio hii hapa ina miaka kumi kwa sababu ya jua langu. Andika hizo namba zako, binti, na usinipigie kelele nina udhu."

Mkwewe nilimwomba radhi. Alinifanya niirudie mbele ya wateja walewale.

Basi nikawa naandika, na kila Ijumaa jioni nakifundisha kinanda upya. Namba zilirudisha sauti ileile ya Alhamisi, na sauti ya Alhamisi haikuwa litungu. Ilikuwa safi mno, kama litungu lililofuliwa. Nikapanda gari kwenda Butiama, kwa mjomba wangu, mdogo wa mama, aliyejifunza litungu ujanani upande wa Tarime na kugombana na nusu ya kijiji kwa sababu yake. Nilikuwa nimerekodi sauti yangu kwenye kaseti. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mjomba, hiyo ni nzi kwenye kopo," alisema, kwani sote wawili tuliitana mjomba.

"Basi piga wewe nisikie."

"Umeniletea nini nipige?"

Nilimnunulia alichotaka. Alipiga, na mimi sikutazama nyuzi, nilizoea kuzitazama tangu utotoni. Nililaza sikio kwenye ngozi ya litungu, akacheka kwamba nanyonya. Humo ndani nilisikia vitu vitatu. Kwanza kidole kinachogonga, kikavu, kabla ya uzi kulia. Halafu uzi. Halafu mtetemo wa uzi ukikwaruza pale ulipoegemea, na huo ulichelewa kidogo na ulikuwa umechafuka. Mimi nilikuwa nimetengeneza cha pili tu.

Bibi alikuwa amembeba binti yangu siku nzima. Wakati wa kuondoka alimshikilia. "Mwache huku apate maziwa," alisema. Nilimchukua mikononi mwake, na nikalia garini, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mtu wa Mwanza alikuja Ijumaa, baada ya swala. Betri zilikuwa juu ya bati. Alikuwa na suruali ya pasi na ameshakuja na kamba ya kufungia. Akabonyeza kengele za kiwandani, akakunja uso.

"Alhaji, uliniambia kuna litungu humu."

Alhaji alinitazama. Nadhani ndipo alipoelewa. Akatoka mbio na kanzu yake, akarudi na betri za moto mikononi, akizirusharusha kama viazi.

"Acha," nilimwambia. "Hazisaidii tena."

Nilimkalisha mtoto sakafuni na mfuniko wa sufuria. Daftari sikulifungua. Msumeno, kugonga kwa ghafla, kufa upesi: hicho kidole. Sauti ya pili juu yake, uzi. Ya tatu nikaichelewesha na kuipotosha kidogo isilingane, ichafuke. Chujio nikalifunga mpaka ukali ukalegea. Nikasikiliza, nikapunguza mkia namba mbili. Kisha nikapiga wimbo wa harusi wa kwetu, kwa vidole vinne, kwa sababu kupiga bado nilikuwa sijui vizuri.

Nje mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo kichwani akapiga kigelegele, akaendelea na safari yake.

"Naichukua," mtu wa Mwanza alisema. "Huyu dada naye anakuja na mashine?"

"Mimi siyo waya," nilimjibu.

Alhaji aliweka betri mezani. "Haiuzwi," alisema. "Samahani kwa usumbufu, ndugu yangu. Kunywa chai."

Mtu yule alikunywa chai kwa kinyongo, akafungasha kamba yake. Alipoondoka nilimwambia Alhaji ninachotaka: chumba cha nyuma kiwe changu, na mkeka mle ndani wa mtoto kulala mchana. Akasema nina mdomo. Nikasema ndiyo. Akaenda mwenyewe kuhamisha maboksi.

Jumapili nilimwandikia baba barua ya mistari miwili. Mjukuu wako ana mkeka wake kazini kwangu. Ukitaka kumwona, magari ya Bunda yapo kila siku.