Mbuzi Aliingia Ukumbini, Mimi Nikazuiwa Mlangoni

Wakuu, mimi nimeshuhudia mbuzi akiingia ukumbi wa wanajeshi wastaafu kwa mlango wa mbele, utepe wa bluu shingoni, anapigiwa makofi.

Mimi niliyelitumikia jeshi la Marekani miaka minane nikazuiwa kwenye mlango huo huo.

Aliyenizuia ni baba yangu mzazi.

Na mbuzi mwenyewe ndiye yule niliyemuiba.

Tulieni niwaeleze vizuri, maana mtaani kwetu hii habari watu wameiongezea chumvi mpaka imekuwa ya ng'ombe.

Naitwa Royce Pruitt. Kwetu ni Texas, kamji kadogo ambako ukipiga chafya dukani, jioni kanisani wanakuombea.

Enzi hizo nilikuwa sajenti, kambi ikiwa hapo hapo kaunti ya kwetu. Kwenye kikosi chetu kila kombania ilikuwa na mnyama wake wa bahati. Sisi tulikuwa na bata. Wenzetu wa kombania ya pili walikuwa na beberu mweupe anaitwa Jenerali.

Na desturi ilikuwa hivi: kabla ya siku ya michezo, mnaiba mnyama wa wenzenu, mnampitisha kwenye gwaride, wao wanafedheheka, mnamrudisha, mnakunywa bia pamoja. Mchezo wa miaka na miaka. Hakuna aliyewahi kushtakiwa.

Mwaka huo kapteni wetu, Brandt, akaniita ofisini.

"Pruitt, wale jamaa walimuiba bata wetu mwaka jana. Wakamvisha sketi."

"Nakumbuka, afande. Inauma."

"Nataka yule beberu. Sijakuamrisha. Nimesema tu nataka."

Jeshini ukiambiwa hivyo, umeamrishwa.

Jenerali alikuwa analishwa kwenye shamba moja nje ya kambi, geti la tatu ukitokea barabarani. Mtu wa kawaida angeenda mchana, ahesabu mageti matatu, afungue, amchukue.

Lakini sisi ni wanajeshi bwana. Hatuingii kwa mbele. Tulichora ramani, tukajipaka matope usoni, tukazunguka kwa nyuma kupitia korongoni, Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani. Tukahesabu mageti. Moja, mbili, tatu.

Shida ni kwamba tulihesabia upande wa pili.

Tukamkuta mbuzi mweupe, pembe safi, ametulia. Akaja mwenyewe. Hakuna hata mmoja kati yetu wanaume watatu tuliopitia mafunzo ya upelelezi aliyeinama kuangalia kama ni dume au jike.

Kwenye gwaride tulimpitisha mbele ya kikosi kizima. Kombania ya pili walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nikajua wanacheka kwa aibu. Kumbe Jenerali wao alikuwa kwao anatafuna majani, hana habari na mtu.

Kapteni Brandt akanivisha medali. Kweli kabisa. Kwa "ubunifu, mipango na utekelezaji wa operesheni ngumu bila majeruhi."

Picha ikatoka kwenye gazeti la kambi. Mimi, medali na mbuzi.

Bi Oleta Kruger akaiona.

Huyo mama ndiye mwenye mbuzi. Jina la mbuzi ni Rubi, bingwa wa maonyesho ya kilimo ya kaunti, na Bi Oleta alikuwa amelia siku zote hizo akidhani kaliwa na mbwa mwitu.

Polisi wa kaunti wakaja. Na Texas, wakuu, mifugo si kitu cha kufanyia utani. Kuiba mbuzi ni jinai kamili.

Nikamwambia hakimu ulikuwa ni mchezo wa jeshi. Akaniuliza, "Bi Oleta ni mwanajeshi?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi hakuwa mchezoni."

Hapo nilinywea. Sina ubishi naye mpaka leo, mama wa watu alilia kweli. Nikala kifungo cha nje.

Nikarudi kambini nikitegemea kapteni atanitetea. Brandt akanitazama kama vile tumekutana kwenye foleni ya benki.

"Sajenti, jeshi haliwezi kuvumilia wizi."

"Afande, si ulisema unamtaka?"

"Nilisema nampenda. Mimi napenda wanyama."

Yeye akapandishwa cheo. Mimi nikaachishwa jeshi kwa masharti yasiyo ya heshima, kisa nimehukumiwa na mahakama ya kiraia. Medali hakuna aliyekumbuka kuninyang'anya.

Sasa njoo kwa mzee wangu, Harlan Pruitt.

Baba alipigana vita vyake ujanani, akarudi, akaoa, mama akafariki, akabakiwa na vitu viwili duniani: mimi, na samaki wa Ijumaa pale ukumbini. Kila Ijumaa jioni wastaafu wanakaanga kambale, wanakula na kabichi na matango ya siki, wanadanganyana kuhusu vita.

Baba ndiye mlinzi wa mlango. Ana kigoda chake na kofia yake, anakagua kadi za watu aliosoma nao darasa la kwanza.

Sheria ya pale ni hii: mgeni yeyote anaingia akiletwa na mwanachama. Ila kama mgeni aliwahi kuwa mwanajeshi, lazima awe aliachishwa kwa heshima, na aonyeshe cheti cha kuachishwa.

Ifikirie kidogo. Mwizi wa magari ambaye hajawahi kuvaa gwanda, anaingia. Mlevi aliyegonga nguzo ya kanisa, anaingia. Mimi hapana.

Ijumaa ya kwanza nilipompeleka mzee, nilidhani atapindisha sheria kidogo. Ni baba jamani.

"Cheti," akasema, mkono mbele.

"Baba, unanijua."

"Nakujua. Cheti sikijui."

"Mzee acha utani, samaki wanapoa."

"Royce, usinitie aibu mbele za watu. Kasubiri kwenye gari."

Nilisubiri kwenye pikapu. Nikalia, siwafichi. Mtu mzima na ndevu zangu.

Miezi michache mbele ikawa siku ya wafugaji pale ukumbini. Bi Oleta akaja na Rubi na utepe wake. Baba akasimama, akafungua milango yote miwili. Rubi akapita. Akanitazama mimi kwenye pikapu, akaendelea na safari yake.

Ikawa hivyo kila mwaka.

Mnauliza kwa nini niliendelea kumpeleka. Kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yanaisha, hawezi kuendesha. Na daktari alishaniambia moyo wake umechoka, nisipange mambo ya mbali. Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Kukaa meza moja na baba yangu, Ijumaa moja, ale samaki nikiwa pembeni yake, amwambie mtu, "Huyu ni mwanangu, alikuwa sajenti." Basi.

Pale nje sikuwa peke yangu lakini. Kulikuwa na Manny Ocampo, mwanajeshi wa majini aliyefukuzwa kwa bangi, naye alikuwa anamleta mjomba wake. Tukawa tunakaa nyuma ya pikapu tunakula mikate yenye soseji. Manny ndiye aliyeniambia kuhusu Wakili Yolanda Cisneros.

Huyo mama alikuwa mwanasheria wa jeshi kabla ya kustaafu, anasaidia watu kama sisi bure. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko.

"Samahani, mwanangu. Endelea. Bata alivaa sketi?"

"Wakili, mimi nimeumia."

"Najua. Sasa sikia. Kuna bodi ya jeshi inayopitia upya namna watu walivyoachishwa. Sheria inakupa miaka kumi na tano tangu siku waliyokutoa, kwa hiyo hujachelewa. Ila usije ukaniambia tuseme mahakama ilikosea. Bodi haifuti hukumu ya mahakama. Ulimuiba?"

"Nilimuiba."

"Safi. Tunakiri. Tunachosema ni kwamba jeshi lilikuadhibu kwa kitu kile kile lilichokutunuku. Medali unayo?"

"Ninayo kwenye soksi."

"Itoe kwenye soksi. Na nitafutie shahidi wa tabia yako. Mtu mgumu, asiyependelea."

Nikacheka. Asiyependelea nilikuwa naye nyumbani.

Baba alikubali baada ya kununa wiki nzima. Siku ya kusikilizwa, kwa njia ya video ofisini kwa Yolanda, alivaa sare yake ya zamani ambayo vifungo vilikuwa vinamlilia Mungu tumboni.

Kwenye skrini maofisa watano. Mwenyekiti ni kanali, mwanamke, uso mkavu.

"Bwana Pruitt, ulijua mbuzi si wako?"

"Nilijua, afande. Nilidhani ni wa serikali."

Mmoja akakohoa.

"Kwa nini hukuthibitisha ni mbuzi yupi?"

"Alikuwa mweupe, ana pembe, na hakukataa kuja."

Yolanda akaiweka medali mbele ya kamera, akasoma sifa zake polepole, neno kwa neno. Kanali akavuta shingo mbele.

"Ngoja. Jeshi lilikupa medali kwa kuiba mbuzi?"

"Hapana, afande. Medali ilikuwa ya kumchukua kwa ufanisi. Kuiba kulikuja baadaye, mahakamani."

Wale watano wakainamia karatasi zao kwa pamoja. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Kisha akaitwa baba.

"Mzee Pruitt, mwanao ni mtu wa namna gani?"

Baba akasimama wima. "Ananiendesha kila Ijumaa kwenda kula samaki, afande. Ananisubiri nje mpaka nimalize. Kwenye mvua, kwenye joto. Hajawahi kuchelewa, hajawahi kunilalamikia."

"Anasubiri nje? Kwa nini asiingie?"

"Haruhusiwi. Kuna mlinzi mlangoni."

"Mlinzi gani huyo?"

Baba akajinyooshea kidole. "Mimi."

Kanali akavua miwani.

"Kwa nini unamzuia mwanao?"

"Kwa sababu karatasi yenu inasema hafai."

"Na wewe unasemaje?"

Namjua baba yangu, ana jibu la kila kitu hadi hali ya hewa ya mwezi ujao.

"Sijawahi kuulizwa, afande," akasema. Akakaa chini kabla hajaruhusiwa.



Majibu ya jeshi, wakuu, msiyasubiri mmesimama. Miezi ikapita mpaka nikaanza kusahau. Halafu Ijumaa moja nikapata taarifa nina bahasha posta, lazima nikaisaini mwenyewe. Nikampigia Manny amchukue mzee, mimi nitakuja nyuma yao.

Bahasha nikaifungulia pale pale dirishani.

Wamenibadilishia cheti. Nimeachishwa kwa heshima.

Yule dada wa posta nilimkumbatia, akaniambia yeye ana mume.

Niliendesha kama kichaa. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi. Atasema, "Cheti." Nitatoa cheti. Atakivuta karibu na jicho lake zima. Halafu nione sura yake.

Nafika, kwenye kigoda kakaa Mzee Wendell, jirani yetu.

"Baba yuko wapi?"

"Mh." Akakwepa macho yangu. "Una cheti?"

Nikampa. Akasoma, akasimama, akanipigia saluti. Akafungua milango yote miwili. Nikaingia, na ukumbi mzima ukapiga makofi, wazee wanagonga meza. Nikaona mwisho wa ukumbi Rubi na utepe wake anakula kabichi. Kumbe ndiyo ilikuwa siku ya wafugaji.

Nikapewa sahani, kambale wawili wa moto. Nikatafuta meza ya baba. Kiti kitupu.

Nikatazama dirishani.

Baba yuko kule nje, amekaa nyuma ya pikapu ya Manny, miguu inaning'inia, anatafuna mkate wenye soseji.

Nikatoka na sahani yangu. Wendell akanizuia.

"Chakula hakitoki nje, Royce. Sheria."

Nikamwachia sahani.

"Baba, unafanya nini huku?"

"Nakula."

"Nimepata! Soma hii. Kwa heshima, baba!"

Akaivuta karibu na jicho. Akasoma yote, hata muhuri. Akaikunja taratibu, akanirudishia.

"Kwa hiyo sasa unaruhusiwa."

"Ndiyo! Twende ndani."

"Mimi siruhusiwi."

"Kivipi?"

Manny akadakia, "Kaka, mzee kalipuka huko. Mbuzi alipofika mlangoni, mzee kamtazama, kavua kofia, kaiweka kwenye kigoda. Akasema, 'Mlango unaomwingiza huyu na kumwacha mwanangu nje, tafuteni mlinzi mwingine.' Akarudisha kadi."

"Leo?"

"Sasa hivi tu. Huu ni mkate wake wa kwanza."

Nikaketi. Manny akanisogezea mkate.

"Basi baba, rudi ukaombe kadi yako."

"Ukirudisha kadi, unasubiri nusu mwaka ndipo uombe upya. Na mtu wa hivyo haingii hata kama mgeni."

"Sheria ya kijinga! Nani aliitunga?"

Mzee akafuta haradali kwenye masharubu.

"Mimi."

Tulicheka, wakuu. Tulicheka mpaka mzee akashika kifua nikaogopa, naye akanipiga kibao cha mgongo akasema, "Sifi leo, nina njaa." Halafu akapita yule mjomba wa Manny akielekea ndani. Baba akamwita kwa sauti ambayo nadhani hata Rubi aliisikia.

"Wewe! Unamjua huyu? Huyu ni mwanangu. Alikuwa sajenti."

Samaki sikula siku ile. Na sikudai.

Nawaachia haya. Ukitaka kuiba mbuzi, ingilia geti la mbele. Kama walikutoa jeshini kwa cheti kibaya, kata rufaa, usikae na medali kwenye soksi; Manny ameshaanza yake. Na wewe mzazi, usisubiri maofisa watano wakuulize mtoto wako ni nani.

Ijumaa hii pia tuko kule nje. Mikate ninaleta mimi.