Panga la Ndikuriyo

Bernardo wa Kibimba alikuwa mtu wa kituo cha utafiti wa mimea, na hakutuacha tusahau. Alizunguka Ngara na Biharamulo akikata vipande vya migomba iliyougua mnyauko, ili wataalamu wakaangalie vijidudu vyake kwa darubini. Akirudi kijijini ni wimbo uleule: ugonjwa hutembea kwa panga, pitisha panga motoni kabla hujagusa mgomba mwingine. Tulimcheka. Migomba ya kijiji cha Nyarubungo ilipoanza kukauka shamba zima, tukaacha kucheka.

Kwetu ugonjwa ulikuwa haujafika. Shamba la mama yake, Marsiana, ndilo lililomsomesha, na Bernardo alililinda kama mboni ya jicho.

Mwaka ambao kambi ya Lukole ilikuwa ikifungwa, wakimbizi wakirudishwa Burundi kwa malori, Marsiana alifariki ghafla, alfajiri. Bernardo alikuwa amerudi jana yake kutoka Nyarubungo. Tulipofika tulikuta majani mabichi ya mgomba yameshatandikwa chini ya marehemu.

Huku kwetu ukienda msibani unakwenda na panga lako. Huombi ruhusa, unaingia migombani kwa mfiwa, unakata majani ya kukalia na ndizi za kupika. Safari hii Bernardo alikuwa amewasha moto kwenye njia ya kuingilia shambani, macho mekundu.

"Panga lisilopita hapa halikati kitu!"

Wazee walinung'unika. Kumwambia mtu siku ya msiba kwamba amekuja na ugonjwa ni sawa na kumwita mchawi. Mimi nilimsema waziwazi, sikumung'unya maneno. Hata hivyo tulitii mmoja mmoja, tumenuna.

Ndipo akaja Ndikuriyo kutoka Lukole. Alikuwa akimlimia Marsiana tangu alipofika kambini, naye Marsiana akimwita mdogo wangu. Aliinama atie panga lake motoni, Bernardo akamshika mkono.

"Wewe hapana, mjomba. Ninyi mnalima mashamba ya kila mtu. Niachie hilo panga."

"Moto huuhuu umewatosha wenzangu, mwanangu."

"Nimesema hapana!"

Watu walikaza mikono kwenye mipini. Nilidhani damu itamwagika mbele ya maiti. Ndikuriyo akaliweka panga chini taratibu, akaenda kukaa peke yake kando ya uzio mpaka tulipomaliza kuzika. Juma lililofuata lori likamchukua.

Haikupita muda mrefu mgomba mmoja ukageuka njano. Bernardo alipoukata shina, ulitoka utomvu wa manjano kama usaha.

"Mkimbizi yule!" watu wakaanza.

Bernardo akageuka kulitazama jiko. Mgomba ule ulikuwa nyuma kabisa ya jiko.

"Huku hakuingia mtu," akasema. "Nilikata mimi, alfajiri ile, majani ya kumlaza mama. Kwa panga la kazini."

Panga lililotoka Nyarubungo! Kwa uchungu hakukumbuka kulichoma. Mganga hajigangi, lakini siku hiyo sikuwa na moyo wa kumtania. Alilia kuliko alivyolia makaburini. Kisha akaleta panga la Ndikuriyo, lililobaki nyumbani kwao tangu msiba, akalipitisha motoni, akaanza kuukata mgomba vipandevipande ili tuufukie.

"Nani anajua kijiji chake huko Burundi?" akatuuliza bila kuinua kichwa.

Miaka yote ile alilima kwetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.